Kulea watoto wa samaki katika kiziba

Ninyi watu wa mukini munaokaa karibu na migodi ya Katanga, habari hii ni yenu. Munajua ya kuwa nyama imekuwa mbali. Pori limekatwa kwa ajili ya makaa, wanyama wamekimbia, na mito mingine haina samaki tena. Samaki wengi wanaouzwa sokoni ni wale wa barafu, wanaotoka mbali katika bahari ya Namibia. Bei yao inafuata dola na njia ya kamyo. Siku njia ikikatika kwa mvua, watoto wanakula bukari na sombe tupu.

Franga za mugodi zinakuja na kuondoka. Leo kijana anachimba na kupata. Kesho shimo linaanguka, ao bei ya madini inashuka, naye anarudi kwa mama yake mikono mitupu. Kiziba cha samaki hakimutajirishi mutu kwa mwezi mumoja. Lakini kikitunzwa vizuri kinalisha nyumba moja miaka mingi.

Pengine mutasema: «Tumeona viziba vingi, vyote vimekuwa matope na majani.» Ni kweli. Tusikilize basi sababu yake.

1. KWA NINI VIZIBA VINGI VILIACHWA

Kufuga tilapia si jambo jipya kwetu. Karibu na Lubumbashi, mahali panapoitwa Kipopo, uchunguzi wa samaki wa kufugwa ulianza mwaka 1946. Kazi ikaenea katika inchi yote, hata mbele ya uhuru wa mwaka 1960 watu wa Congo walikuwa na viziba zaidi ya 100,000. Nyuma ya pale sehemu kubwa ikaachwa. Matata ya inchi yalikuwa sababu moja. Sababu ingine ilikuwa ndani ya kiziba chenyewe.

Tilapia anaanza kuzaa akiwa na miezi 3 ao 4 tu, naye anazaa tena na tena maji yakiwa na joto. Jike wa namna moja anachukua mayai yake katika kinywa, na watoto wakitoka wanakimbilia kinywani mwa mama wakiona adui. Namna ingine, yule anayekula majani, anachimba shimo chini ya maji na kuchunga watoto wake pale. Hivi watoto wengi wanapona. Mutu akitia samaki 200 na kuwaacha bila kuwatazama, baada ya mwaka anakuta samaki maelfu, wote wadogo kama kidole. Chakula kinagawanywa kwa vinywa vingi mno, hakuna anayekua. Mwenye kiziba anasema: «Samaki hawa wamelogwa.» Hawakulogwa. Wana njaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mufugaji ni kujua watoto wa samaki: kuwachagua, kuwahesabu, kuwalea mbali na wakubwa, na kutia katika kiziba kikubwa hesabu inayofaa tu.

2. TAZAMENI MAJI MBELE YA KUCHIMBA

Katika inchi yetu jambo hili linapita yote. Maji ya karibu na migodi yanaweza kuwa safi kwa macho, na ndani yana shaba na kobalti. Shaba kidogo sana inatosha kuua mutoto wa samaki, zaidi katika maji mepesi ya mvua na ya chemchemi, yasiyo na chokaa. Samaki mukubwa anaweza kuvumilia sumu ile na kuonekana muzima, lakini madini yanakaa mwilini mwake, kisha yanaingia kwa mutu anayemula. Katika Ziwa Tshangalele, linalopokea maji ya mito inayotoka upande wa Likasi, wachunguzi walikuta madini mengi katika maji na katika samaki.

Basi musichimbe kiziba:
— chini ya mahali wanapooshea madini ao panapotoka maji ya kiwanda, hata kama ni mbali kidogo;
— katika shimo la zamani la mugodi, hata likijaa maji mazuri ya rangi ya anga;
— mahali pasipoota miti, ambapo udongo una rangi ya majani mabichi ao nyeusi, na panaota lile ua dogo la shaba ambalo watafutaji wa madini walilifuata tangu zamani. Ua lile linasema: chini kuna shaba.

Tafuteni kijito kinachotoka upande usio na kazi ya madini, penye vyura, konokono, majani ya maji na samaki wadogo. Waulizeni wazee: maji haya yanakauka mwezi wa 10? Yalipata kubadili rangi? Kisha fanyeni jaribu. Tieni samaki wadogo 10 katika kitunga chenye matundu madogo, mukiweke ndani ya maji siku 4 ao 5, kwanza wakati wa jua, tena baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua inachukua uchafu wa vilima na kuuleta mutoni. Wakifa, acheni mahali pale. Wakipona, ni alama njema, lakini haitoshi. Kama kuna mugodi upande wa juu, musichimbe, ao ombeni kwanza maji yapimwe na watu wenye vyombo vya kupimia.

3. KUCHIMBA

Kwa nyumba moja, kiziba cha metre 20 kwa 10 kinatosha. Upande wa juu maji yafike santimetre 50, upande wa kutolea maji yafike metre 1. Udongo uwe wa kufinyanga: chukueni donge lenye maji, mulifanye kama mupira, mulitupe juu na kulidaka. Lisipovunjika, udongo unafaa.

Maji yaingie kwa mufereji mudogo na kutoka kwa bomba la bambu ao la plastiki, yote mawili yazibwe na wavu. Musichimbe katikati ya mutoni. Mvua kubwa itachukua kiziba na samaki wote. Ondoeni majani na mizizi katika ukuta, muushindilie vizuri, mupande majani mafupi juu yake.

Pembeni chimbeni kiziba kidogo cha metre 5 kwa 4, chenye maji ya santimetre 40 mpaka 60. Hiki ndicho kiziba cha watoto. Bila hiki, kazi inarudi kuwa ile ya zamani.

Kama udongo ni mukali, mwageni chokaa ya mashamba chini ya kiziba kikavu: kilo 20 mpaka 40 kwa kiziba kikubwa, kilo 2 mpaka 4 kwa kile kidogo. Majivu ya kuni yanasaidia pia, lakini yanatakiwa zaidi ya kiasi hiki.

4. MAJI YENYE CHAKULA NDANI YAKE

Mutu akitazama maji meupe yanayoonyesha chini, anasema: «Maji mazuri.» Kwa kunywa, pengine. Kwa watoto wa samaki ni shamba tupu. Mutoto wa tilapia anatafuta vitu vidogo sana: uchafu mubichi wa majani unaoelea, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vitu hivi ni bukari yake, naye mufugaji anaweza kuvilima.

Simamisheni vijiti katika pembe mbili za kiziba, mufanye kama zizi dogo ndani ya maji. Mazizi yote mawili pamoja yachukue sehemu 1 kwa 10 ya kiziba. Tieni ndani majani makavu, majani mabichi, mavi ya mbuzi, ya kuku ao ya nguruwe, na majivu kidogo. Kanyageni. Kila juma geuzeni kwa kijiti na kuongeza. Baada ya siku 10 mpaka 15 maji yatakuwa na rangi ya majani.

Pimeni hivi: ingizeni mukono katika maji, kiganja wazi. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanafika kwenye kisugudi, ni vizuri. Kikionekana bado, ongezeni mbolea. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mukono tu, mumezidisha. Acheni mbolea siku kadhaa.

Kwa nini kuchanganya majani na mavi? Samaki akila, anatoa katika mwili wake uchafu wenye sumu, na mavi yanapooza yanatoa sumu ileile. Sumu ikizidi, samaki anakufa. Lakini viko vijidudu vinavyokula sumu ile na kuifanya kuwa mwili wao. Ili viweze kazi hiyo, vinataka chakula cha nguvu: majani makavu, pumba ya mahindi, maganda ya mihogo. Vikishiba vinazaa, vinashikana pamoja, vinakuwa vidonge vidogo laini vinavyoelea. Samaki anavila vidonge vile. Hivi uchafu wake unarudi kwake kama chakula. Mavi peke yake ni sumu nyingi bila nguvu ya kuigeuza. Majani makavu peke yake yanaoza pole pole mno. Pamoja ni chakula.

5. NAMNA MUPYA INAYOITWA BIOFLOKI

Wengine kati yenu mumesikia katika simu ya kuwa mutu anaweza kufuga samaki wengi katika tangi la plastiki nyuma ya nyumba, bila kubadili maji. Ni kweli, jina la kazi ile ni biofloki. Ilianza na kamba wa bahari katika kisiwa cha Tahiti, katika miaka ya 1970. Baadaye wachunguzi wa Israeli na wa Marekani waliiendeleza. Musingi wake ni uleule tulioeleza: mutu anaongeza pumba ao maji ya sukari, vijidudu vinakula sumu na kuwa vidonge, samaki wanakula vidonge.

Lakini sikilizeni vizuri. Katika tangi samaki ni wengi sana, na vijidudu nao wanavuta pumzi katika maji yaleyale. Kwa hiyo machine ya kupuliza hewa inatakiwa kutembea muchana na usiku. Umeme ukikatika, samaki wote wanaweza kufa mbele ya asubuhi, hata mbele ya saa 2 kupita. Katika miji yetu umeme unakatika mara nyingi, na mukini kwetu mara nyingi haupo. Asiye na umeme wa hakika, na machine ya pili ya kungoja, asitie franga zake katika tangi. Achukue akili ya biofloki na kuitia katika kiziba cha udongo, mahali jua na upepo vinapofanya kazi bure.

6. KULEA WATOTO, SIKU KWA SIKU

Jazeni kiziba kidogo siku 4 ao 5 tu mbele ya kutia watoto. Musikijaze mwezi muzima mbele, maana kereng'ende watakuja kutaga, na watoto wao wanaokaa ndani ya maji wanakula watoto wa samaki.

Asubuhi, jua likianza kupasha maji, watoto wanakusanyika kandokando penye maji mafupi. Wachoteni kwa wavu laini. Lakini musitumie kabisa chandarua cha kitanda chenye dawa ya kuua mbu. Dawa ile inaua samaki, na chandarua ni cha kulinda watoto wenu na malaria.

Chagueni watoto wa santimetre 1 mpaka 2. Tieni 300 katika kiziba kidogo. Wahesabuni kweli, musikadirie. Mukiwatoa mbali, wachukueni asubuhi katika ndoo yenye kifuniko cha majani mabichi. Mukifika, musiwamwage. Wekeni ndoo ndani ya kiziba, tieni maji ya kiziba kidogo kidogo katika ndoo, kisha muiinamishe watoke wenyewe. Maji ya ndoo yakiwa na joto na yale ya kiziba baridi, mutoto anayeangushwa kwa gafula anakufa kesho yake, na mwenyewe hajui sababu.

Chakula cha juma la kwanza ni maji mabichi yenyewe, pamoja na pumba iliyochungwa laini kama unga. Baadaye ongezeni mchwa waliopondwa, makapi ya pombe, majani ya viazi vitamu na ya mihogo yaliyotwangwa. Lisheni mara 2 kwa siku, jua likiwa limepanda, mahali pamoja sikuzote. Tazameni: wakimaliza chakula katika nusu saa, ni kiasi chao. Kikibaki, kesho punguzeni. Chakula kinachobaki kinaoza, kinakula pumzi ya maji.

Asubuhi sana nendeni kutazama. Samaki wakisimama juu na kufungua kinywa kwa hewa, hawapendi jua, wanakosa pumzi. Acheni mbolea na chakula, fungueni maji mapya, mupige maji kwa kijiti mpaka watulie.

Baada ya majuma 6 mpaka 8 watoto watakuwa urefu wa kidole. Chagueni 200 walio wazima na wakubwa, mutie katika kiziba kikubwa: samaki 1 kwa kila metre moja ya mraba. Wanaobaki wauzieni jirani kuwa mbegu, ao muwakaushe kwa chakula. Yule mwenye huruma anayetia wote 300 na kusema «kila mumoja atapata kidogo» atavuna vidole tena.

Katika miezi ya baridi, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 8, samaki wanakula kidogo na kuzaa kidogo. Punguzeni chakula. Mbegu muzuri inatoka katika miezi ya joto, basi tayarisheni kiziba cha watoto mwezi wa 9.

7. ADUI, NA MUGENI MUMOJA WA HATARI

Fisi-maji, ndege wavuvi, vyura na kambale wanakula watoto. Wavu juu ya kiziba kidogo na wavu kwenye mulango wa maji vinatosha kuwazuia wengi. Ondoeni majani ya kandokando, maana penye majani panakaa mbu na konokono wanaoleta kichocho. Mutu asikojoe katika kiziba. Na watoto wadogo wasiachwe peke yao pale; kiziba cha metre 1 kinaweza kuua mutoto.

Tena, yuko kamba mukubwa mwenye magando, anayetoka kaskazini ya Australia. Dume yake ana alama nyekundu kwenye gando. Watu walimuleta Zambia ili kumufuga. Akatoroka, na katika miaka ya 2000 alikuwa amekwisha kuingia katika muto Kafue na Ziwa Kariba. Kule anakata nyavu na kula samaki walionaswa, na muvuvi anavuta vichwa na mifupa. Katika Kenya kamba mwingine wa Marekani alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970. Alikula majani ya maji ya ziwa lile. Africa bara haikuwa na kamba wa namna hii tangu mwanzo, na mito yetu haikuzoea meno yake. Zambia ni jirani, mutu anaweza kumuvusha katika ndoo kwa siku moja. Akiwaletea na kusema: «Huyu anazaa upesi, anauzwa bei kubwa», jibuni: hapana. Akiisha kuingia mutoni hakuna wavu unaoweza kumuondoa tena.

8. KUVUNA

Baada ya miezi 6 toeni maji yote. Musivue kidogo kidogo wale wakubwa tu, mukiacha wadogo kuzaa. Kiziba cha metre 20 kwa 10 kilichotunzwa vizuri kinaweza kutoa karibu kilo 20 kwa mara moja, ni kusema kilo 40 kwa mwaka. Andikeni: samaki wangapi walitiwa, wangapi walitoka, kilo ngapi, franga ngapi. Mutu asiyeandika hajui kama kiziba kinamulisha ao yeye anakilisha kiziba.

Matope meusi ya chini yapelekeni katika bustani, mboga zitayapenda. Acheni kiziba kikauke mpaka udongo upasuke, tieni chokaa, mujaze tena.

YASIYOSAHAULIKA

Maji yasiyo na sumu ya migodi kwanza. Mengine yote nyuma yake.
Kiziba kidogo kwa watoto, kikubwa kwa wale waliochaguliwa.
Majani na mavi pamoja, kwa kipimo cha mukono.
Hesabuni samaki. Samaki 1 kwa metre 1.
Kilichobaki kitoeni, musikirudishe kwa huruma.

Mugodi unatoa kitu kilichowekwa chini mara moja tu. Kikiisha, shimo linabaki. Kiziba nacho ni shimo, lakini kila mwaka munaweza kukijaza tena. Anzeni na kimoja, mukifanye vizuri, jirani wakione. Mwaka wa pili wao wenyewe watakuja kuomba mbegu.